Ngurumo za Tororo na Mashine za Mpakani

Kati ya mwaka 1967 na 1976, waangalizi wa hali ya hewa mjini Tororo walisikia ngurumo kwa wastani wa siku 251 kila mwaka. Hesabu hiyo iliingia katika vitabu vya rekodi za dunia, na kwa muda mrefu mji huu wa mashariki mwa Uganda ukatajwa kuwa wa kwanza kwa ngurumo. Baadaye satelaiti zilianza kuhesabu mimweko ya radi yenyewe badala ya sauti, na sifa hiyo ikahamia mashariki mwa Kongo na Ziwa Maracaibo kule Venezuela. Mwenyeji wa Tororo hababaishwi na hilo. Mchana hewa yenye unyevu hutoka Ziwa Victoria, ikakutana na upepo wa mashariki na miinuko ya Mlima Elgon, ikapanda juu. Alasiri ikifika, mwamba mkubwa wa Tororo unafunikwa na wingu jeusi na watu wanaanza kuchomoa televisheni.

Ndani ya wilaya ya Tororo ndimo ilimo Malaba ya Uganda, na kusini yake kidogo iko Busia. Sehemu kubwa ya shehena inayotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo hupita katika malango haya mawili. Kwa maneno mengine, kompyuta ambazo nchi mbili zinazitegemea kwa ushuru wa shehena ya barabarani ziliwekwa mahali ambapo mbingu huzijaribu karibu kila alasiri. Radi haihitaji kuipiga kompyuta yenyewe. Inatosha ipige nguzo ya umeme kilomita moja kutoka hapo, na msukumo wake upite katika waya hadi kwenye pawa saplai, au katika kebo ya mtandao hadi kwenye swichi. Fundi wa mpakani hujifunza mapema kwamba kazi yake ya kwanza iko chini ya sakafu, kwenye waya unaopeleka umeme ardhini, kabla hata ya kuigusa kompyuta.

Umeme wenyewe una historia hapa. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilizinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Aprili 1954, na miaka michache baadaye njia ya umeme ikapitishwa Tororo kwenda Kenya, kwa mkataba wa Uganda kuiuzia jirani yake megawati 30. Reli ilikuwa imetangulia: kupitia Eldoret, Malaba na Tororo, ilifika Kampala mwaka 1931. Forodha, ambayo leo ndiyo maisha ya miji hii, ilichelewa kuliko vyote. Tangu 1917 Kenya na Uganda zilikuwa na idara moja ya forodha, na bidhaa ilikwisha kulipiwa ilipofika pwani. Busia ilikuwa soko, stendi na barabara, na baadaye ikajulikana kwa vijana wa baiskeli waliobeba abiria kutoka upande mmoja hadi wa pili, wale wa kwanza kuitwa bodaboda. Uzito wa mpaka ulikuja Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Hapo kila nchi ikaweka maofisa wake, mihuri yake na vitabu vyake vikubwa vya kuandikia.

Kompyuta zilikuwa zimeshaingia Afrika Mashariki wakati huo, ila hazikufika mpakani. Shirika la Reli na Bandari lilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzitumia, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa mishahara na hesabu, katika vyumba vya Nairobi vilivyopozwa hewa na kufungwa vizuri. Mashine ya kizazi kile ilitunzwa kwa namna ambayo leo imesahaulika, na sababu ni kwamba kila mtu alijua itaharibika. Kompyuta ya ENIAC kule Marekani ilikuwa na valvu za kioo zipatazo 18,000. Nyingi ziliungua wakati wa kuwashwa na kuzimwa, hivyo wahandisi wakaamua kuiacha ikiwaka mfululizo. Wenzao wa kompyuta ya Whirlwind, katika chuo cha MIT, walibuni jambo la busara zaidi: kabla ya kazi ya siku kuanza, walishusha au kupandisha volteji makusudi, kidogo kuliko kawaida. Valvu dhaifu ilijifichua pale pale, wakati hakuna mtu anayeitegemea, ikang'olewa na kuwekwa nyingine.

Wazo hilo linafanana na la majaribio mengi yaliyofuata. Viwanda vya chipu navyo vikafanya hivyo kwa namna yao. Chipu za jeshi na za vyombo vya anga zikawa zinafungiwa katika tanuri la nyuzi 125 za Selsiasi, umeme ukipita ndani yake, kwa muda unaofika saa 168, yaani wiki nzima. Sababu yake inajulikana kwa kila fundi wa redio. Kifaa cha elektroniki hufa kwa wingi kikiwa kichanga kwa sababu ya kasoro za kiwandani, kisha hutulia miaka kadhaa, kisha huanza kufa tena kwa uzee. Anayeweza kumaliza ule uchanga kabla ya kukikabidhi kifaa kazi anaokoa shida nyingi. Na si mashine mbovu tu zinazonaswa hivyo. Mwaka 1994 mwanahisabati Thomas Nicely wa Lynchburg, Virginia, alikuwa akiisukuma kompyuta yake ifanye hesabu ndefu za namba tasa, akalinganisha majibu na ya mashine nyingine, akaona hayalingani. Chipu ya Pentium ilikuwa inakosea kugawanya. Kampuni ya Intel, iliyoitengeneza, ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya kuibadilisha. Mamilioni ya watu walikuwa wameshaitumia chipu hiyo kuandikia barua wasione lolote.

Turudi mpakani. Uganda iliunda Mamlaka yake ya Mapato, URA, mwaka 1991, na Kenya ikaunda KRA mwaka 1995. Uganda ikachagua ASYCUDA, mfumo wa forodha ulioanza kutengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ombi la nchi za Afrika Magharibi. Kenya, ambayo ilikuwa na mfumo wa zamani ulioitwa BOFFIN, ikaleta mwingine mwaka 2005 na kuuita Simba. Chimbuko la Simba ni Gainde, mfumo wa forodha wa Senegal. Basi yakawa hivi: upande mmoja wa kijito pale Malaba mashine inasema lugha ya Umoja wa Mataifa, na upande wa pili inasema lugha ya Senegal. Wakala wa forodha alikuwa anachapisha karatasi Kenya, anavuka nayo kwa miguu, kisha maelezo yale yale yanaingizwa upya herufi kwa herufi upande wa Uganda. Mwaka 2007 kilianzishwa chombo cha kupeleka taarifa kutoka mashine moja hadi nyingine, kikiitwa RADDEx, na Malaba ikawa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo.

Na tangu hapo msemo wa mpakani ukawa mmoja: "Sistimu imelala." Simba akilala, mawakala wa Mombasa hadi Malaba walilala naye. Dereva wa trela hakuwa na la kufanya ila kushuka, kutandika kanga au turubai chini ya bodi na kungoja, huku taniboi akitafuta chapati. Malalamiko ya mawakala kuhusu Simba kukwama yalijaa magazetini miaka nenda miaka rudi. Chanzo mara nyingine kilikuwa seva Nairobi, mara nyingine mtandao, mara nyingine umeme. Mtu aliyekaa chini ya lori hakujua tofauti, na gharama ya siku iliyopotea ilikuwa ile ile.

Hata hivyo forodha ina bahati moja. Sistimu ikilala leo itaamka kesho, na mzigo utapita. Kuna kazi nyingine ya mashine ambayo haina kesho, na ndiyo iliyoipa Kenya somo gumu kuliko yote.

Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, Kenya iliamua kwamba matokeo yatatumwa kwa vyombo vya elektroniki moja kwa moja kutoka vituoni. Majaribio ya kwanza yalifanyika kwa utulivu na kwa kiasi kidogo: tarehe 27 Agosti 2009, katika chaguzi ndogo za Shinyalu, huko Kakamega, na Bomachoge. Msimamizi wa kituo aliandika matokeo kwenye simu, akayatuma, yakaonekana Nairobi. Yakaja ya kura ya maoni ya katiba, tarehe 4 Agosti 2010, nchi nzima, na matokeo ya awali yakafika usiku huo huo. Watu walipongezana. Kosa lilizaliwa hapo, kwa maoni yangu. Kura ya maoni ina swali moja, ndiyo au hapana. Uchaguzi wa 2013 ulikuwa na karatasi sita kwa kila mpiga kura, wagombea wengi mno, na vituo zaidi ya 30,000. Mashine ilikuwa imepimwa kwa mzigo wa baiskeli, ikaenda kubebeshwa mzigo wa trela.

Muda nao ulikwisha. Zabuni ya vifaa vya kuandikisha wapiga kura kwa alama za vidole ilivunjwa katikati ya mwaka 2012, ikafufuliwa kwa mkopo uliopitia Canada, na uandikishaji ukaanza tarehe 19 Novemba. Kwa siku 30 waliandikishwa watu zaidi ya milioni 14.3, kazi kubwa ambayo haipewi sifa inayostahili. Lakini kila wiki iliyopotea kwenye zabuni iliondolewa kwenye majaribio. Vifaa vya kumtambua mpiga kura siku ya kupiga kura vilifika vikiwa vimechelewa sana, na makarani wakafundishwa haraka haraka.

Tarehe 4 Machi 2013 vituo vilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, vya kufungwa saa kumi na moja jioni. Hesabu ni rahisi: saa kumi na moja, pamoja na foleni itakayokuwa bado imesimama jioni. Vituo vingi vilikuwa madarasa ya shule za msingi, na shule nyingi za vijijini wakati huo hazikuwa na umeme, Busia na sehemu nyingine za magharibi zikiwemo. Kompyuta ya mkononi iliyowashwa alfajiri, yenye skrini inayong'aa na kifaa cha kusoma vidole kinachonyonya umeme kutoka kwayo, haiwezi kufika jioni bila chaja. Betri zikaisha. Kwingine makarani hawakuwa na neno la siri sahihi. Daftari la karatasi likatolewa sandukuni, na kalamu na rula zikaanza kazi.

Usiku ikaja zamu ya seva. Ukumbini Bomas, Nairobi, wananchi walitazama kwenye skrini idadi ya kura zilizokataliwa ikipanda kupita laki tatu, jambo lililotisha kila kambi. Tume ya uchaguzi, chini ya mwenyekiti Isaack Hassan, ilieleza baadaye kwamba programu ilikuwa inazidisha kura zilizokataliwa mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Kisha matokeo yakaacha kuingia. Maelezo ya tume yalikuwa kwamba diski ya seva ilijaa. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilidhani ni mzaha wa mwandishi wa habari. Diski kujaa si ajali wala hujuma ya kisayansi. Ni jambo ambalo kijana wa mwaka wa kwanza chuoni hulikamata kwa kuijaza seva matokeo ya uongo, yenye ukubwa wa vituo vyote, usiku mmoja wa mwezi Februari, na kungoja aone itafika wapi. Wasimamizi wakasafirisha fomu kwa magari na ndege hadi Nairobi, mshindi akatangazwa tarehe 9 Machi, na Mahakama ya Juu, ilipotoa hukumu mwishoni mwa mwezi huo, ikakosoa namna ambavyo vifaa hivyo vilinunuliwa.

Mwaka 2017 Kenya ilirudi na vifaa vipya 45,000 vinavyoitwa KIEMS, vidogo kuliko vile vya kwanza, na safari hii yalipangwa mazoezi ya hadharani. Siku chache kabla ya mazoezi hayo, Chris Msando, meneja wa teknolojia wa tume aliyekuwa akiwaeleza wananchi kwenye televisheni jinsi mfumo utakavyofanya kazi, aliuawa. Alizikwa kwao Ugenya, kaunti ya Siaya, jirani kabisa na Busia. Mazoezi yalifanyika bila yeye. Tume iliorodhesha vituo 11,155, kati ya 40,883, ambavyo havikuwa na mtandao wa kasi wa kutuma picha ya fomu, na wasimamizi wakaambiwa wasogee hadi pahala penye mawasiliano. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na utumaji wa matokeo ulikuwa miongoni mwa hoja kuu.

Ng'ambo ya pili, Uganda nayo ilipeleka mashine za kutambua vidole vituoni kwa mara ya kwanza tarehe 18 Februari 2016. Watu wa Busia na Malaba walizitazama kwa macho ya mzoefu. Wasamia na Wateso wana ndugu pande zote mbili, na yaliyotokea Kenya yalikuwa yameshasimuliwa matangani na harusini. Shaka ya kwamba mtu hupiga kura Kenya kwa jina moja na Uganda kwa jina jingine ni ya siku nyingi katika miji hii, na mashine ya vidole inayoishia kwenye mpaka wa nchi moja haiwezi kuijibu. Inaweza tu kumzuia mtu asijiandikishe mara mbili ndani ya nchi hiyo hiyo. Miaka kumi baadaye, Januari 2026, mashine ziligoma katika vituo vingi vya Uganda, na Tume ya Uchaguzi ikaagiza daftari la karatasi litumike.

Nisionekane napigia debe karatasi. Mwaka 2022 Kenya ilifanya mazoezi mapema zaidi, ikaona yaliyokwama, ikarekebisha, na picha za fomu kutoka karibu vituo vyote 46,229 zikawekwa wazi kwa kila mtu kuzisoma. Vifaa viligoma katika sehemu za Kakamega na Makueni, daftari la karatasi likatumika huko, na kazi ikaendelea. Majaribio mazuri huonyesha mapema ni wapi kitu kitavunjika, na nani atakuwa amesimama hapo na daftari mkononi.

Kwa upande wa forodha, mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 24 Februari 2018, Rais Museveni na Rais Kenyatta walipozindua kituo cha pamoja cha Busia. Utaratibu wake ni kwamba lori linasimama mara moja tu, upande linakoelekea, na maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja. Ni raha kwa dereva. Kwa fundi ni mtihani mpya, kwa kuwa ofisa wa Kenya sasa yuko ndani ya Uganda, mtandao wake unavuka mpaka na umeme wake unatoka kwa jirani. Mwenzake wa Uganda naye yuko Kenya katika hali hiyo hiyo. Jenereta ya upande mmoja ikikataa kuwaka, ni nchi mbili zinazongoja. Wakati huo huo Kenya ilikuwa inamstaafisha Simba na kuingiza mfumo mpya wa iCMS, hatua kwa hatua, mizigo aina moja baada ya nyingine, mfumo wa zamani ukiwa bado hai pembeni. Ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa mawakala walinung'unika kufanya kazi kwa mifumo miwili.

Ukitaka kuona majaribio yakifanywa kwa ukamilifu, usiende ofisini. Nenda kwenye vibanda vya Busia vinavyouza kompyuta zilizotumika Ulaya, zile za "ex-UK". Pale hakuna zabuni wala mkopo; mashine ikifa baada ya wiki, mnunuzi anarudi nayo na ndugu zake. Fundi anaichomeka, anafungua kifuniko cha nyuma na kupuliza vumbi. Anaiwasha kwa flashi yenye programu ya kupima memori, anaiacha usiku kucha ikisoma na kuandika kila chumba cha memori mara kadhaa. Asubuhi mstari mmoja mwekundu unatosha: memori inatolewa. Kisha anaipa prosesa kazi nzito hadi feni ivume, anaweka kiganja pale hewa ya moto inapotokea, anatazama kipimajoto kwenye skrini. Ikipanda kupita nyuzi tisini na kujizima yenyewe, anajua gundi ya kupitisha joto imekauka. Mwisho anachomoa chaja, anacheza filamu na kutazama saa ya ukutani. "Hii ni ya saa mbili," anamwambia mteja, "usidanganywe na ile alama ya asilimia." Na wingu likitanda upande wa Tororo, anachomoa kila kitu, kebo ya mtandao ikiwemo.

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027. Wewe mwenyeji wa Busia au Malaba, ukialikwa kwenye kikao cha wadau ambapo vifaa vinaonyeshwa vikimeta mezani, usiulize bei tu. Uliza vimekaa saa ngapi bila chaja, vimejaribiwa katika shule ipi, nani aliijaza ile seva hadi pomoni, na ripoti yake iko wapi.